Jino Halisahau Njaa

Ulikuwepo. Usijifanye hukusikia. Neno lilirushwa uwanjani mchana kweupe, likampata msichana usoni, na wewe ukageuka ukatazama ukuta kana kwamba ukuta una habari mpya. Basi leo hutageuka. Kaa hapa usome mpaka mwisho, maana hadithi hii inakuhusu kuliko unavyopenda.

Msichana mwenyewe aliitwa Patricia. Aliishi Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, na kila asubuhi alisimama mbele ya kipande cha kioo akipiga mswaki mpaka fizi zikauma. Alikuwa amejaribu chumvi. Alikuwa amejaribu mkaa, na siku moja hata mchanga. Haikusaidia kitu. Meno yake ya mbele yalikuwa na mistari, vijifereji vyembamba vya rangi ya chai vilivyokata jino kutoka upande huu hadi upande ule.

"We mutoto, utayamaliza hayo meno," mama yake alimwambia huku akijitwika beseni la ndagala. Mama alikuwa anaenda Gatumba, kule mpakani na Congo, kuuza samaki wake. "Meno iko safi. Apana kuyasumbua."

"Ndiyo, mama," Patricia alijibu, akasugua tena.

Alikuwa amejifunza kucheka akiwa amefunga midomo, na darasani alijibu maswali akiwa ameweka kiganja mdomoni. Lakini kiganja hakikumwokoa kwa Divin. Divin alikuwa na mdomo mwepesi na viatu vizuri, na alipenda kumkumbusha kila mtu kwamba yeye ni mtoto wa Buja, yaani Bujumbura, tangu babu wa babu yake, si kama hawa waliovuka mpaka juzi na magodoro kichwani. Kila asubuhi alimsubiri Patricia langoni.

"Makaku amefika! Ficheni ndizi zenu!"

Watoto walicheka. Hata Houda, aliyekaa naye benchi moja, aliinamisha kichwa ili asionekane kama anacheka wala kama hacheki.

Makaku maana yake ni kima. Lakini tusiseme ni mzaha wa watoto tu, kwa sababu mzaha huu una umri. Wazungu waliotawala nchi hizi walikuja na vyuma vya kupimia. Waliwashika babu zetu vichwa kama watu wanaochagua matikiti sokoni, wakapima pua, wakapima mafuvu, wakaandika nani yuko juu, nani yuko chini, na nani yuko karibu na nyani. Vyuma vimeondoka. Neno limebaki, na siku hizi hatuhitaji Mzungu wa kulitamka. Tunatupiana sisi kwa sisi wakati wa mapumziko. Wako waliosahau yote hayo, na usahaulifu wao ndio unaomlisha Divin.

Siku moja Madamu Irène, mwalimu wa sayansi, aliingia darasani amekumbatia boksi. Alitoa mataya matatu meupe, akayapanga mezani.

"Hizi ni nakala za plasta," alisema. "Hili la kwanza ni la sokwe dume, kama wale wa msitu wetu wa Kibira. Hili la mwisho ni la mtu kama mimi na nyinyi. La katikati ni nakala ya mfupa uliogeuka jiwe, uliochimbuliwa Afrika Mashariki. Mwenye taya hili aliishi zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita. Tazameni chonge, haya meno yaliyochongoka. Mnaona nini?"

Houda alinyoosha kidole. "Jino la sokwe ni refu, Madamu, linatisha. La katikati ni fupi, kama letu."

"Vizuri sana. Sokwe dume hutumia chonge kuwatisha wenzake na kuwauma. Jamaa zetu wa kale walikuwa bado na ubongo mdogo, lakini walishaanza kutembea kwa miguu miwili, na chonge zao zilikuwa zimepungua. Haya yote tumeyasoma kwenye mifupa na meno."

"Kumbe tulitoka kwa sokwe!" alisema Fabrice, mvulana wa benchi la mbele. "Lakini pasta wetu amesema..."

"Pasta ana kazi yake, Fabrice, na mimi sijamvua joho. Mimi hapa nasoma mifupa." Darasa likacheka. "Na mifupa haisemi ulitoka kwa sokwe. Sokwe si babu yako, ni binamu wa mbali. Wewe na yeye mlikuwa na babu mmoja, mamilioni ya miaka iliyopita. Yeye akashika njia yake, sisi yetu. Watu wote walioko duniani leo wana asili Afrika, mpimaji wa pua na mpimwa pua. Hakuna mtu aliyebaki nyuma njiani."

Akageukia ubao. Divin akainama mbele na kunong'ona kwa sauti iliyofika mabenchi matatu: "Hajaona meno ya Patricia."

Kicheko kilipita chini chini. Madamu hakusikia. Wengine mlisikia.

Kisha Madamu akatoa taya la nne, dogo. "Huyu alikuwa mtoto. Gusa hapa, Patricia. Unahisi nini?"

Patricia alipitisha ukucha kwenye jino la plasta. Ukucha ukakwama kidogo, ukaendelea. Ulimi wake ulikwenda wenyewe nyuma ya midomo iliyofungwa, ukagusa meno yake.

"Kuna mstari," alisema taratibu.

"Ndiyo. Jino la ukubwani huanza kujengwa ndani ya ufizi tangu mtu akiwa mchanga, tabaka juu ya tabaka. Mtoto akishikwa na njaa kali au homa kali, ujenzi unasimama. Akipona, unaendelea, lakini alama inabaki. Mfupa unaweza kujirekebisha. Ganda la jino haliwezi. Kwa hiyo, miaka mingi baada ya kufa, jino bado linasema: hapa niliumwa, hapa nilikosa chakula. Tazama lakini, kati ya mstari na ufizi kuna kipande kingine cha jino, kizima, kilichojengwa baadaye. Maana yake nini?"

"Hakufa siku ile," alisema Patricia. "Aliendelea."

Na kwa mara ya kwanza alisema neno darasani bila kiganja mdomoni.

Madamu alieleza kwamba Jumamosi wazazi watakuja kuona kazi za wanafunzi, na darasa hili litaonyesha jinsi meno yanavyosomwa. Baba yake Houda, fundi Massoudi, alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Alikuja shuleni na unga wake wa rangi ya waridi, akaukoroga kwa maji, akawajaza watoto midomo mmoja mmoja ili kuchukua umbo la meno yao.

"Uma, usimeze!" alifoka. "We kijana, nimesema usimeze! Bismillahi, hawa watoto watakula mpaka vyombo vyangu."

Kwenye maumbo yale alimimina plasta, na ilipokauka meno ya darasa zima yakalala mezani. Hayakuwekwa majina. Madamu aliwaahidi wote: "Nani ni nani, hakuna atakayesema. Hiyo ni ahadi yetu." Akamkabidhi Patricia kazi ya kuyasafisha na kuyaeleza mbele ya wazazi.

Ndipo Patricia alipokutana nalo. Lilikuwa taya lililomeguka pembe ya jino la mbele, na shule nzima ilijua ni nani aliyeanguka na baiskeli kwenye mteremko akamega jino. Alilinyanyua karibu na dirisha. Akapitisha ukucha. Ukakwama. Akaupitisha tena, ukakwama mara mbili, kwa kina kuliko kwake. Divin! Divin wa Buja tangu babu wa babu! Hakuna aliyewahi kumtazama mdomoni, kwa sababu watu hawamkagui anayewachekesha. Wanamkagua anayechekwa.

Furaha iliyompata Patricia ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja. Siku zote zilizobaki aliibeba kama kaa la moto mfukoni. Divin alipomwita makaku langoni, alilitazama lile jino lililomeguka. Jumamosi, alijiambia. Utalia Jumamosi. Na mtu ambaye hajawahi kuitwa hivyo kila asubuhi asimlaumu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama yake Patricia alikuja na kitenge chake kizuri. Divin alikuja na mwanamke mzee aliyetembea kwa shida, ambaye yeye mwenyewe alimkalisha nyuma kabisa, mbali na wenzake.

Patricia alieleza mataya ya kale vizuri mno, hata direkta, mkuu wa shule, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua lile lililomeguka pembe, akaliinua juu.

"Mwenye meno haya nusura afe njaa alipokuwa mdogo. Si mara moja, mara mbili. Ni mtu anayejidai kuliko sisi wote. Haya ni meno ya Divin. Huyu ndiye anayeniita makaku kila siku."

Halafu sauti ikatoka kati ya wanafunzi: "Kumbe makaku wako wawili!" Na kicheko kikalipuka, kilekile, kutoka kwenye midomo ileile iliyomcheka Patricia. Hakikujali ni nani. Kilitaka tu mtu wa kumla.

Patricia alimtafuta Divin kwa macho ili afaidi. Akamwona ameweka kiganja mdomoni. Aliujua mkono ule. Aliujua uzito wake. Utamu wote ukamwisha, akalishusha taya.

Yule mwanamke mzee akainuka, akapita katikati ya mabenchi, akalichukua taya mkononi mwa Patricia. Akapitisha kidole kwenye meno kama anayempapasa mtoto shavu.

"Mi ni koko yake, bibi yake," alisema. "Tulikimbia vita kule Congo, huyu akiwa anatambaa. Maziwa ya mama yake ilikauka. Halafu mama mwenyewe akafa. Nilimupa maji ya majani ya muhogo, sikukuwa na kingine. Huu mustari apana yake, binti yangu. Ni yangu. Ni mi nilishindwa kumupa."

"Mulitoka wapi, mama?" aliuliza mama yake Patricia, amesimama tayari.

"Sange."

"Sisi Kiliba, hapo karibu na kwenu. Vita ileile." Akaja akamshika mkono. "Mama, apana kusema ulishindwa. Huyu mutoto si anasimama hapa?"

Madamu Irène aliwaita watoto wote wawili mbele.

"Patricia, ulichosema ni kweli?"

"Ni kweli, Madamu."

"Na ahadi yetu?"

"Nimeivunja." Machozi yalimtoka. "Nilitaka kicheko kimuume. Kimemuuma, na kimemuuma koko, ambaye hajanikosea. Nisamehe, koko. Divin, kwa ahadi niliyoivunja naomba msamaha."

"Na wewe, Divin?"

Divin alitazama miguu yake. "Nilijua," alisema. "Niliona mistari yake siku ya kwanza alipokuja, nikajua ni kama yangu. Nikaanza mimi kumcheka ili mtu asinitazame mimi. Koko, nilidanganya kwamba sisi ni wa hapa. Patricia, sitalitamka tena lile neno. Na nikilisikia kwa mwingine, nitamkatiza."

"Utamkatiza mbele ya watu," alisema Madamu, "kwa sababu ulilisema mbele ya watu."

Kisha akaugeukia ukumbi, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Nyinyi mliocheka mara mbili, sikieni. Mifupa imetuonyesha kwamba hakuna binadamu aliye nusu. Na mstari kwenye jino haumsemi mtoto. Unasema palikuwa na njaa, na penye njaa ya mtoto pana watu wazima waliokuwa wakila. Patricia alikuwa na haki ya kukasirika. Kosa lake ni kwamba hasira aliielekeza kwa mwenye njaa mwenzake, kama Divin alivyofanya kwanza. Mnataka kisasi? Kilipizeni kwa njaa yenyewe. Wale wadogo wa darasa la chekechea hapo nje wanakuja asubuhi bila kula. Meno yao ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, ndani ya ufizi. Nani anawachorea mistari? Sisi."

Hakuna aliyecheka. Mama yake Patricia ndiye aliyesema wa kwanza kwamba ana sufuria kubwa. Fundi Massoudi akasema ataleta kuni. Mwingine akataja unga wa mahindi, mwingine soya. Direkta, akiona macho yote yamemgeukia, akasema jiko litajengwa nyuma ya ofisi yake. Jumatatu uji ulichemka. Patricia na Divin walibeba maji pamoja. Hawakuwa marafiki bado, lakini walibeba, na wadogo wakanywa mpaka wakalamba vikombe.

Sasa wewe. Umesoma, umesikitika, na unataka kufunga kitabu. Usikifunge. Shuleni kwako kuna mtoto mdogo ambaye hajala tangu jana, na unamjua. Kila siku unayongoja, mstari wake unazidi kuchimbwa, na hautafutika hata mifupa yake ikigeuka jiwe. Inuka. Mpe nusu ya chakula chako leo. Kisha uwachukue wenzako, mwende kwa mkuu wa shule, msimame mlangoni pake na mumwulize sufuria iko wapi. Msiondoke mpaka ajibu.