Orodha ya Shimo la Mutoshi

Hili lilimpata rafiki yangu Beya kule Manika, ndani ya kontena la ofisi ya machimbo, mchana kweupe. Alikuwa akijaribu orodha aliyoitengeneza kwa tovuti ya patron François, bosi wa machimbo: ionyeshe mchimbaji gani yuko chini shimoni na nani amepanda juu.

"Bale saba ba Mutoshi, ubafute," patron alisema nyuma yake, kiti kikilia. "Habakutumikaka kwangu."

Walikuwa wakimfanyia kazi shimo lilipowafukia, na mmoja wao ni Sadrack, mdogo wake Beya. Kwa hasira Beya akayaingiza majina yao kwenye jaribio, wote "chini".

Umeme ukakatika. Kontena halikuwa na dirisha. Skrini ya kompyuta mpakato ya Beya pekee ndiyo iliyowaka. Chini ya sakafu sururu ikaanza kugonga. Kila ilipogonga, jina moja likahamia "juu", hadi yakatimia saba.

Kisha jina la nane likajiandika: François, chini.

Nyuma ya Beya, kiti kikaacha kulia.