Mwalimu wa Viena

Katika ukoo wetu hakuna anayeyajua mapenzi kunishinda. Niliolewa mara tatu. Kama ningeyajua kweli, mara moja ingetosha. Nisikilizeni hivyo hivyo, niwasimulie ya Dominiko.

Dominiko alimwona Damaris Ijumaa asubuhi kwenye foleni ya kanisani, mtaa wa Abu Hamour. Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa, basi hata Wakristo husali Ijumaa, na foleni hujaa Wafilipino, Wahindi na Wakenya wanaonukia manukato na jasho. Mwanamke aliyemtangulia alivaa gauni la kitenge cha manjano na kilemba kilichosimama kama jogoo. Mkoba wake ulipopita kwenye mashine ya ukaguzi ulipinduka, kikaanguka kijitabu chenye picha ya kanisa refu. Kiliandikwa Viena.

"Aa, Viena!" Dominiko akasema akikiokota. "Huko nimekaa kiangazi mara sita."

Uongo mtupu. Dominiko alikuwa Mganda wa miaka sitini na miwili, dereva wa familia iliyokwenda Viena kila Julai na kumwacha yeye awashe magari matano kila asubuhi, betri zisife kwa joto. Viena yake yote aliisikia kutoka kwa mama mwenye nyumba, akipiga simu kiti cha nyuma. Lakini mwanamke alikuwa amegeuka akitabasamu, na ana mwanya. Nani angemtajia mwanya ule habari za betri?

"Basi Mungu ndiye amekuleta," mwanamke akasema. "Mimi Sista Damaris, muuguzi. Nastaafu Juni. Kabla sijarudi Kisii nataka nione Ulaya siku kumi, peke yangu, na magoti yangu haya. Wanangu wanasema nimerukwa na akili."

"Magoti mangapi?"

"Mawili, mzee. Ulidhani nina ya akiba?"

Masomo yakaanza, kila jioni kwenye simu.

"Viatu usinunue vipya. Vaa vilivyokwisha kuvizoea vidole vyako."

"Na maji, mwalimu?"

"Ya bomba. Yanatoka milimani, matamu. Jua likikaza mchana, ingia kanisani ukae. Kuna ubaridi."

"Nisali?"

"Ukipenda. Ila usikorome. Mkoba uvae kifuani, na jina la hoteli liandike kwenye karatasi. Simu huzima, karatasi haizimi."

"Na chakula nitanunua siku gani?"

Hilo kiti cha nyuma hakikuwahi kulisema. Dominiko akajibu kwa akili ya Doha. "Ijumaa asubuhi ndiyo watu hufunga maduka. Jumapili ni siku ya kazi, maduka yote wazi. Fika Jumapili ununue vyako."

"Ukinipoteza nitakuroga, Dominiko wangu."

"Wangu?"

"Umesikia."

Juni, katika mkahawa mdogo mtaani Najma, Damaris aliweka kikombe cha chai ya maziwa mezani, akamshika Dominiko mkono mbele za watu.

"Njoo nawe. Mabosi wako si huenda? Tukitoka huko nakupeleka Kisii ukaonane na kaka zangu. Miaka hii sina muda wa kuchumbiwa polepole."

Dominiko aliomba viza. Wakamnyima, eti hawana hakika kama atarudi. Atoroke aende wapi na kiuno kile? Barua akaificha chini ya zulia la gari, akamwambia mpenzi wake kwamba mabosi wamekubali: wewe tangulia, mimi nitatua Alhamisi saa tano asubuhi.

Jumapili simu ikalia.

"Dominiko! Mji mzima umefungwa! Nimeyakokota magoti mtaa kwa mtaa, hata mkate sikupata. Kengele tu ndizo zinafanya kazi!"

"Labda... labda ni sikukuu."

"Nimemuuliza bibi mmoja mwenye mbwa. Amenielekeza stesheni ya treni, huko ndiko kuna duka. Anasema Jumapili wamefunga tangu yeye hajazaliwa."

"Enzi zangu haikuwa hivyo."

"Enzi zako." Sauti ya Damaris ikalainika. "Mpenzi, kama huji, niambie. Nitabadilisha tiketi yangu nipitie Doha. Tutapata muda wa saa sita nzima pale uwanja wa ndege, tunywe chai, tupange maisha. Ila mwisho wa kubadilisha ni Alhamisi saa sita mchana. Sitakasirika. Marehemu mume wangu alinidanganya mpaka maziko. Tulisimama kaburini wajane watatu. Sitaki kuyarudia, basi."

Ukweli ulifika kwenye ulimi wa Dominiko. Akaumeza.

"Nakuja," akasema.

Siku tatu hakula vizuri. Alhamisi alijinyoa, akavaa shati la bluu lililopigwa pasi, kana kwamba anasafiri kweli, akatoka hadi mtaa wa Al Mansoura, hapo hapo Doha, kununua mkate. Joto lilikuwa la tanuri. Simu ikalia mfukoni.

"Umetua, mpenzi?"

Hapa angeweza kusema hapana. Neno moja, herufi sita.

"Nimetua. Nasubiri sanduku."

"Alhamdulillahi na asifiwe Bwana! Niko hapa nje na maua. Watu ni wengi mno. Umevaa nini nikutambue?"

"Shati la bluu."

"Ngoja... ngoja... Ndiyo! Nakuona! Ni wewe pale karibu na nguzo?"

Dominiko akatazama huku na huku. Mbele yake palikuwa na nguzo ya taa na paka aliyelala kivulini.

"Ndiyo, ni mimi."

"Mbona hupungi mkono? Nipungie!"

"Napunga, mama. Huoni? Napunga!"

Na kweli alikuwa anapunga, mkono wote, kwapa limelowa. Ng'ambo ya barabara fundi viatu Mnepali akadhani ni yeye anayesalimiwa, akampungia naye.

Sauti ya Damaris sasa haikuwa na furaha wala hasira.

"Dominiko. Mimi niko hotelini. Nimelala, miguu nimeiweka juu ya mto. Uwanja wa ndege leo sijaukanyaga."