Mizani ya Tangawizi

"Hiyo mizani yako imepigwa mhuri?"

Hafidhi aliinua uso. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, soko kuu la Morogoro limefurika watu, na tangawizi mbichi iliyoshuka usiku kutoka mlimani Kinole ilinukia hadi barabarani. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, mrefu, aliyevaa suruali ya mazoezi ya bluu, fulana ndefu, mtandio mweupe na raba zilizojaa vumbi jekundu. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Imepigwa mwezi wa pili," akajibu. "Nikupimie kilo ngapi, mama?"

"Sitaki tangawizi. Nataka unipime mimi."

Wapagazi wakaacha kazi. Muuza ndizi wa jirani akageuka na kigoda chake kabisa.

"Mama, hii ni ya magunia."

"Naona. Ya kwangu nyumbani inaniambia upuuzi kila siku, na ya duka la dawa inaiunga mkono. Nataka mizani inayoogopa serikali."

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshapanda. Hafidhi akasogeza jiwe la mizani taratibu mpaka mkono ukatulia. Sasa, pale sokoni kila gunia linapopimwa, mpimaji hutangaza kwa sauti ili mkulima aliyeko nyuma asikie, na mpagazi hurudia, kisha gunia hushonwa. Hafidhi alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini. Mdomo ukamponyoka.

"Themanini na sita na nusuuu!"

"Themanini na sita na nusu!" Yusuph, mpagazi wake, akarudia huku ameshika sindano ya kushonea.

Kicheko kikalipuka. Hafidhi akataka ardhi immeze. Lakini yule mwanamke hakushuka. Alijishika kiuno, akatazama umati kutoka upande huu hadi ule.

"Rudia," akasema. "Wale wa kwenye nyanya hawajasikia."

Hafidhi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Tabora."

"Alhamdulillahi! Mimi Mluguru, mtani wako!" Akashusha pumzi. "Basi siombi radhi. Gunia la Kinole mwisho kilo themanini. Wewe umezidi, shuka nikupunguze."

"Punguza wewe kwanza ujinga. Nyinyi Waluguru mnalala mmeshikilia nyasi msije mkaporomoka mlimani, leo umejua kupima watu?"

Umati ukapiga makofi. Utani ni utani, hakuna wa kukasirika. Na hapo, kati ya magunia, ndipo Mwalimu Raya na Hafidhi walipoanza.

* * *

Raya alikuwa na miaka arobaini na tisa, akifundisha hisabati katika sekondari moja ya mjini na kuishi Mafiga peke yake. Mumewe aliondoka miaka tisa nyuma. Alisema anataka mwanamke mwepesi, akampata, akahamia naye Dodoma.

"Nimeacha sukari tangu Ramadhani," alimweleza Hafidhi Jumamosi iliyofuata, wamekaa juu ya magunia na vikombe vya chai. "Nakula mchicha, mlenda, samaki wa kuchemsha. Kila alfajiri natembea hadi Mazimbu na kurudi. Mwezi wa kwanza wa kujinyima nikapungua kilo mbili. Mwezi wa tatu nikaongezeka saba. Nifanye nini tena, nile mawe?"

"Labda hewa ya Morogoro inanenepesha."

"Mbona wewe huna hata tumbo?"

"Mimi nanenepa nikilala. Nikiamka unene unaporomoka wote."

Raya alicheka mpaka chai ikamwagika. Hafidhi, mwenye miaka hamsini na nne na mvi zilizoanzia kidevuni, akagundua kwamba anaisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri Idi. Kila wiki Raya alipanda mizani, kila wiki Hafidhi alitangaza, na kila wiki soko zima lilipokea.

Katikati ya wiki kulikuwa na simu.

"Haloo, gunia langu."

"Gunia ni shangazi yako."

"Umekula nini leo, mpenzi?"

"Boga."

"Zima?"

"Hafidhi, nakata simu."

"Usikate! Nilitaka nisikie ukikasirika tu. Ukikasirika sauti yako inakuwa tamu, nalala vizuri."

Mwezi wa saba walipanda mlimani Morningside pamoja. Raya alivaa kanga za rangi ya chungwa juu ya suruali, kilo themanini na nane, akatangulia. Hafidhi alisimama mara tatu kuvuta pumzi.

"Mtoto wa mlima unahema?"

"Sihemi. Huku nyuma kuna mandhari, ndiyo maana nachelewa."

Juu kulikuwa na ukungu, na mji ulionekana vipande vipande, bati hapa, barabara pale. Hafidhi alichuma majani, akayakunja vidoleni.

"Nilikuwa na mke, Sabra. Amefariki miaka minne sasa."

"Pole, baba. Aliumwa nini?"

"Aliumwa," akasema. Akainuka, akapangusa kanzu yake, na Raya hakumchimba.

* * *

Mwezi wa nane mwili wa Raya uligeuka.

Hakuwa amebadilisha kitu. Alikula mchicha uleule na alitembea njia ileile, tena sasa njaa ilimsumbua akawa anakula mara mbili. Lakini themanini na nane ikawa themanini na tatu, ikawa sabini na tisa. Sketi zikahitaji pini. Walimu wenzake walifurahi mwanzoni. "Mwalimu, tupe siri!" Baadaye wakaacha kuuliza siri, wakaanza kumwangalia akiwa ameshika chaki, maana mkono ulikuwa unatetemeka. Usiku moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Wanasema nina ugonjwa," alimwambia Hafidhi kwenye simu. "Nilipokuwa mnene walisema nala sana. Nikikonda wanasema nakufa. Mwili wangu umekuwa gazeti la mtaa, kila mtu anasoma."

Hafidhi hakutania. Alisema tu, "Kula, Raya. Nakuomba."

Jumamosi ile alipanda mizani. Hafidhi alisogeza jiwe. Likarudi nyuma, likarudi tena. Sabini na mbili. Yusuph alikuwa tayari na sauti yake, lakini hakuna kilichotangazwa.

"Mbona husemi?"

"Koo linaniuma."

Jumamosi iliyofuata mizani ilikuwa imefunikwa turubai.

"Imeharibika," Hafidhi alisema, akitazama miguu yake mwenyewe.

"Pole yake," Raya akajibu. Akanunua ndizi, akaaga. Alipofika kona ya wauza mitumba akasikia nyuma yake, wazi kabisa:

"Sabini na nneee!"

"Sabini na nne!"

Gunia la mtu mwingine.

Hakurudi. Alitembea hadi Mafiga bila kuona njia, akaingia ndani, akapiga simu kabla hajavua raba.

"Mizani imepona?"

"Raya, nisikilize..."

"Mume wangu alinikimbia nilipokuwa mnene. Wewe unanikimbia nimekonda. Hebu niambie, nyinyi mnataka kilo ngapi hasa? Nitajie, mimi ni mwalimu wa hisabati, nitakokotoa!"

"Si hivyo, mtani wangu."

"Usiniite mtani! Mtani hutukana. Wewe umeninyamazia kama maiti." Akakata.

Upande wa pili Hafidhi alibaki na simu mkononi. Angeweza kupiga tena. Angeweza kumwambia kwamba Sabra naye alipenda kupanda mizani ile, kwa mchezo, kila alipomletea chakula sokoni. Sitini na nane. Hamsini na tisa. Hafidhi alikuwa akitangaza kwa mbwembwe na watu wakicheka, na Sabra akicheka nao, mpaka siku jiwe liliposimama arobaini na moja na hakuna aliyecheka. Hayo hayasemeki kwenye simu. Keshokutwa yake akafunga duka, akapanda kwao Kinole kuandaa dua ya mwaka ya marehemu.

* * *

Raya alilia siku mbili. Siku ya tatu alikasirika, na hasira ikamfaa zaidi. Akaenda hospitali peke yake.

"Msiniulize nakula nini," alimwambia daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake. "Nimechoka na swali hilo. Pimeni damu."

Damu ikapimwa. Majibu yalipotoka, daktari alimwonyesha mahali kwenye shingo yake. "Ni tezi hii, mwalimu. Imeamka vibaya, inauendesha mwili mbio. Na kile kipindi cha kunenepa, umri nao ulichangia, hedhi ikielekea kukoma mwili hubadilisha utaratibu. Utatumia dawa na tutakupima mara kwa mara. Uzito unaweza kupanda tena, usishtuke."

"Kwa hiyo sikukosea kitu?"

"Hukukosea kitu."

Raya alitoka nje, akasimama juani, akarudia maneno hayo kimoyomoyo. Hukukosea kitu. Miezi yote ile alikuwa akijihukumu kwa kila tonge.

Alipita sokoni kununua mchicha. Duka la Hafidhi limefungwa, Yusuph amekaa nje anashona magunia matupu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tajiri wako kanikimbia mpaka kafunga duka?"

Yusuph aliweka sindano chini. "Mwalimu, kumbe hujui? Marehemu Sabra alikonda mbele ya macho yetu, juu ya mizani hiyohiyo. Siku wewe ulipofika sabini na mbili, tajiri aliingia stoo akalia. Hakukimbii wewe. Kesho ni dua yake, na mimi napanda."

Raya alitazama mlima. "Bodaboda wa Kinole wanaondoka saa ngapi?"

* * *

Alivaa gauni la kitenge cha zambarau lililoshonwa enzi za kilo themanini na nane. Hakulipunguza. Alilikaza kwa mkanda, akaacha lipepee.

Dua ilikuwa imekwisha, masinia ya pilau yanabebwa kutoka jikoni kwenda uani, ndipo mwanamke mrefu alipoketi juu ya kinu katikati ya njia na kunyoosha miguu.

"Chakula hakipiti," akasema.

Wabebaji wakasimama. Zuhura, dada yake Hafidhi, akaja mbio na mwiko mkononi. "We mama, ni nani?"

"Mtani. Mnyamwezi wa Tabora."

Wazee mkekani wakaanza kutabasamu. Zuhura akashika kiuno. "Utani ni siku ya mazishi, siyo leo!"

"Siku ya mazishi sikuwepo. Nilichelewa njiani, Tabora ni mbali."

Mkeka wote ukacheka. Mzee mmoja akasema mtani ana haki yake ya kuzuia chakula msibani, aulizwe anataka nini.

"Namtaka mwenye msiba aje hapa anitukane," Raya akasema. "Ana wiki mbili hajanitukana. Asipofanya hivyo, mtakula ubwabwa mkavu kesho."

Hafidhi akatokea mlangoni kwa kanzu nyeupe, macho mekundu. Kicheko kikapungua chenyewe.

"Raya."

"Siyo jina hilo."

"Nilimtania mpaka akaisha," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitangaza kila kilo iliyotoka. Sikuweza kuanza tena."

"Sikiliza." Raya akatoa karatasi ya hospitali, akaipunga kama anayefukuza inzi. "Ni tezi. Nina dawa. Nitanenepa, nitakonda, nitanenepa tena, na wote hao ni mimi. Sabra namwombea dua, leo nimemwombea. Lakini mimi si Sabra, Hafidhi. Usinizike nikiwa nimesimama."

"Na ikiwa..."

"Ikiwa nini? Nani kakuambia wewe ndiye utakayenizika mimi? Huenda nikakuzika mimi, na siku hiyo nitakaa juu ya kinu hikihiki na kudai pilau!"

Hafidhi alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakatikisika. Watu walidhani analia, naye alikuwa analia kweli, lakini alipoondoa mikono alikuwa pia anacheka.

"Ondoka njiani," akasema, sauti inakwaruza. "Gauni limekuwa kama hema la harusi lililoangukiwa na mti. Watoto wana njaa, na wewe umeziba barabara kama lori la Ngerengere lililopasuka tairi!"

Vigelegele vikapigwa na wanawake wa jikoni. Raya akainuka, akajipangusa, na masinia yakapita.

Baada ya chakula Hafidhi alimchukua hadi nyuma ya nyumba, kwenye banda anakonunulia tangawizi, ambako kuna mizani nyingine kama ile ya sokoni. Zuhura na Yusuph wakawafuata bila kualikwa.

"Mjomba wangu yuko pale mkekani," Hafidhi akasema. "Nimeshamwambia. Wiki ijayo anapanda treni kwenda Tabora kwa kaka zako. Utamkataa mzee wa watu?"

"Nitamkataa mpwa wake kama ataficha mizani tena."

"Sifichi. Panda."

"Panda wewe. Miaka ishirini unapima wenzako."

Hafidhi alisita, akavua makubazi, akapanda. Kabla Yusuph hajagusa jiwe, Raya naye akapanda, akamshika mkono asianguke. Mizani ikalia. Yusuph akasogeza jiwe mbele, tena mbele, akatangaza.

"Mia moja thelathini na sitaaa!"

"Mia moja thelathini na sita!" waliokuwa uani wakapokea, na mlima ukarudisha sauti.

"Za nani ni ngapi sasa?" Zuhura akauliza.

"Gunia limeshapimwa, dada," Hafidhi akajibu, bila kuuachia ule mkono. "Shoneni."