Bila Wewe Sichagui

Siku ya maonyesho ya mashua watu walijaa gatini hadi pa kukanyaga hapakuwepo, na ndiyo maana daktari wa meno alikanyaga kitambaa cha Sindano, mshona matanga. Kilikuwa kitambaa kipya cha tanga, cheupe, alichokitandaza mbele ya meza yake ili wateja wakishike. Kiatu kikaacha alama nzima.

"Ukipotea, polisi wataanzia hapa," alisema Sindano.

"Nisamehe, dada. Macho yangu yalikuwa kule."

Kule palikuwa na mashua mbili za matanga, zimefungwa ubavu kwa ubavu. Kila moja futi thelathini na nane, mlingoti mmoja, vyumba viwili vya kulala. Zilifanana kama mapacha, ila moja ilikuwa na mstari wa buluu na nyingine ilikuwa nyeupe tupu. Daktari mwenyewe alivaa suruali ya krimu iliyonyooshwa kwa pasi kali, na alinukia karafuu.

"Mwezi wa pili huu nashindwa kuchagua," alisema. "Wewe fundi wa matanga ungechukua ipi?"

"Nyeupe mkuku wake, ule uti wa chini ya maji, ni mrefu, inakimbia. Ya buluu mkuku wake mfupi. Itachelewa, lakini itaingia hata penye maji haba. Unataka kufika au unataka kukaa?"

"Nataka kukaa." Alimtazama toka utosini hadi kwenye ndara. "Hebu njoo unisaidie." Wakaingia mashuani. "Simama pale jikoni. Nyoosha mkono. Unalifikia kabati la juu?"

Kwenye nyeupe hakulifikia. Kwenye ya buluu alilifikia bila kuinua kisigino, na daktari akafurahi kupita kiasi.

Penzi lilianzia jikoni humo, wala sitalipamba. Kila adhuhuri simu iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uzi."

"Basi Jumapili nitakulisha. Njoo na viatu bapa, usije ukateleza."

Jumapili sita walikwenda kuzikagua zile mashua. Sindano alilala kwenye kila kitanda, akakaa kwenye kila kiti, huku daktari akiandika kwenye kijitabu. Katika chumba cha mbele cha ile ya buluu alimbusu, akamwambia, "Funga macho. Fikiria asubuhi zetu humu." Sindano alifumba, akaziona zote.

Shangazi yake, aliyemlea na aliyekuwa akishona naye karakanani, hakuziona. "Mwanamume anayekupima kabla hajakuposa," alisema huku akikata uzi kwa meno, "huyo ni fundi cherehani."

"Una wivu, Shangazi."

"Wivu ninao. Na macho ninayo."

Wiki ya saba simu ikanyamaza. Siku tisa. Sindano alipiga, akaapa hatapiga tena, akapiga. Alijidharau, na bado alilala na simu chini ya mto. Ijumaa adhuhuri ikaita.

"Umekufa au umeoa?"

Daktari alicheka kicheko kifupi. "Mambo yalinibana. Kesho nachagua, Sindano wangu. Saa nne asubuhi, kwenye ile ya buluu. Bila wewe sichagui."

Hasira yote ikamwisha hapo hapo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kesho yake alivaa gauni la manjano lililombana kiunoni, hereni za shangazi, na viatu bapa.

Jikoni mwa ile mashua alimkuta mwanamke amenyoosha mkono hadi kabati la juu, visigino vyake vimetulia sakafuni.

"Mke wangu," alisema daktari, akitazama mlingoti. "Amerudi wiki iliyopita. Miaka mitatu alikuwa kazini ng'ambo."

Mke akampa mkono kwa furaha. "Asante sana, dada fundi! Nilimwambia atafute mtu wa kimo changu, nisije nikanunuliwa jiko lisilonifaa. Amepatia kabisa."

Sindano aliuachia mkono ule. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, kwa sababu alitaka kuvunja, na alitaka avione vipande.

"Hata kitanda cha mbele kitakufaa," alisema. "Nimekijaribu Jumapili sita. Mumeo alinibusu hapo, akaniambia nifikirie asubuhi zetu."

Daktari aliachama kama wagonjwa wake. Mke alilifunga kabati taratibu, akakitazama kitanda, kisha akamtazama mumewe.

"Ile nyeupe haijauzwa?"

"Bado. Lakini mke wangu, kabati la kule hulifikii..."

"Nitapanda kigoda." Akamgeukia Sindano, sauti haikutikisika. "Fundi, umekuja na futi yako? Tutahitaji matanga mapya."

Basi hivyo tu. Hakuna kilichovunjika. Daktari alitangulia kwenye ile nyeupe, akampa mkewe mkono avuke. Sindano alivuka mwenyewe. Alikwenda kwa kuwa alitumaini atatazamwa, hata mara moja. Alipima tanga kubwa, akapima dogo, akaandika. Hakutazamwa.

Shangazi alimngoja mlangoni mwa karakana. "Amekuposa?"

"Amenipa kazi. Matanga mawili."

Shangazi alimtazama usoni, akayameza maneno yote aliyokuwa ameyaandaa tangu asubuhi.

"Vua hilo gauni kwanza," alisema. "Litaingia mafuta ya cherehani."