Godoro la Lakot

Kila asubuhi katika kambi ya polisi upande wa Nakawa, Okwir alifagia ua, akawasha sigiri, kisha akamcheka mdogo wake. Hiyo kazi ya mwisho hakutumwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

"Lakot, leo umeogelea tena?"

Lakot, msichana wa miaka kumi, alikuwa ameanza kukojoa kitandani. Baba yao, Sajini Tarcisio, alizoea kunyoosha makuruta, na aliona binti yake naye ni wa kunyooshwa. Alimtwika godoro bichi kichwani azunguke uwanja wa gwaride. Watoto wa kambi walimfuata wakipiga sufuria na kuimba, "Kikojozi, kikojozi!" Okwir ndiye aliyeongoza wimbo.

"Shida ni maji," Baba alisema. "Okwir, linda jerikeni. Jua likizama, huyu asionje hata tone."

Okwir aliikalia jerikeni kama askari wa zamu.

"Kaka, kidogo tu," Lakot alimsihi. "Koo linaniwaka moto."

"Amri ya Afande ni amri."

Jioni moja Lakot alikunywa maji machafu ya kuoshea vyombo. Okwir alimwona, akakimbia kumshtaki, na Lakot akachapwa. Unyama gani huo! Lakini Okwir alilala usingizi mzuri.

Lakot alikula sana, ila alizidi kukonda. Mama alipoona mikono yake imebaki mifupa, alimnunulia glukosi dukani. "Kunywa mwanangu, upate nguvu," alisema. Lakot alikunywa, na kiu ikazidi.

Asubuhi moja alianguka uwanjani, godoro likamfunika. Watoto wakaangua kicheko.

"Bannange, jamani, acha maigizo!" Okwir alimsukuma kwa mguu. "Inuka!"

Hakuinuka. Alihema kwa nguvu, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva mno. Okwir aliogopa, akapiga kelele kumwita baba yake.

Hospitalini, Daktari Abwola alimtoboa Lakot kidole, akapima tone la damu, kisha akaamuru atundikiwe maji na kupewa insulini.

"Mlikuwa mnampa nini?" aliuliza.

"Glukosi," Mama alijibu.

"Na mlimnyima nini?"

Okwir ndiye aliyejibu, "Maji, daktari. Mimi nililinda."

Daktari hakumbembeleza mtu. "Ana kisukari. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Chakula hugeuka sukari, damu huipeleka kwenye seli, na humo ndani huchomwa polepole kutoa nguvu. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kuingia. Mwili wa Lakot umeacha kuitengeneza. Damu yake imejaa sukari, huku seli zinakufa njaa. Ni kama kuwa na gunia la makaa uani na sigiri tupu ndani. Sukari iliyozidi hutoka na mkojo, ikivuta maji. Kiu ilitoka hapo. Seli zilipokosa sukari, mwili ukachoma mafuta yake, na asidi ikajaa kwenye damu. Mngechelewa kidogo, mngemzika."

Lakot alipata nafuu, ingawa sindano za insulini zingekuwa zake kila siku. Siku aliyorudi, Sajini Tarcisio alijitwika lile godoro kichwani, na sare mwilini, akazunguka uwanja mzima. Watoto walianza wimbo, walipomtambua wakanyamaza.

"Nilimpiga mtoto kwa sababu ni mgonjwa," aliwaambia. "Mtoto akipata kiu isiyokoma, akikojoa sana na kukonda, apelekwe hospitali, asihukumiwe. Nanyi, kabla ya kumcheka mwenzenu, muulizeni anaumwa wapi."

Okwir alijaza kikombe maji, akampelekea dada yake kwa mikono miwili. "Nisamehe, Lakot."

Lakot alikunywa yote bila kumtazama, kisha akamrudishia kikombe kitupu.

"Ongeza," alisema.