Twanga Taratibu, Mgeni

Salvina alikuwa mwanamke wa kazi. Asubuhi utamkuta anakata majani ya ng'ombe. Mchana yuko kihambani, shamba la ukoo kule Kibosho, anapogoa mibuni chini ya migomba. Ungemwona ungesema mama huyu haogopi kitu. Thubutu! Alikuwa akiwaogopa wageni wake mwenyewe.

Wageni hao walikuwa watalii. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na majirani wengine walishaanza kung'oa mibuni yao. Salvina na mumewe Thadeus hawakung'oa. Kampuni moja ya utalii ya mjini Moshi ikawa inawaletea Wazungu kila Alhamisi. Walikuja kuona kahawa inavyokaangwa na kutwangwa nyumbani, kisha wanainywa. Kipato hicho ndicho kilichomweka binti yao Hilda sekondari.

Shida ilikuwa kwenye kinu. Mgeni akishashika mchi, anatwanga kama anaua nyoka! Kahawa inaruka huku na huku, na Salvina anatabasamu tu. Alhamisi iliyopita chembe ilimrukia mama mmoja jichoni, jicho likavimba, maskini.

Kesho yake akaja Eliakim, mwongoza wageni wa kampuni ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umenuna?"

"Ofisini wamekasirika, mama. Wanasema mgeni mwingine akiumia, wageni watapelekwa nyumba nyingine."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Waambie watwange taratibu. Mimi siwezi kuwa kila mahali. Huyu ananiita kwenye migomba, yule ananiita kwenye zizi. Waambie mwenyewe, kwa Kiingereza."

Eliakim alipoondoka, Thadeus akasema, "Si unajua kusema 'welcome'?"

"Welcome itazuia kahawa isiingie machoni? Niache mimi!"

Jioni Salvina alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Evelyn, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi. Alimkuta anamenya ndizi. Akamweleza yote, na machozi yakamlengalenga.

"Pole, Mama Hilda," alisema Mwalimu Evelyn. "Neno unalolitaka ni 'gently'. Maana yake ni taratibu, bila kutumia nguvu. Hebu mwambie mgeni."

"Gently coffee!" alisema Salvina.

Mwalimu akacheka. "Kahawa imekosa nini? Neno hili linaeleza tendo linafanywa namna gani. Kwa hiyo taja tendo kwanza. Kutwanga ni 'pound'. Sema 'pound gently', twanga taratibu. Kukoroga ni 'stir'. Utasemaje?"

"Stir gently."

"Umeona? Ukitaka kutaja kahawa yenyewe, iweke katikati: 'Pound the coffee gently.' Na neno hili lina wenzake. 'Slowly' ni polepole. 'Carefully' ni kwa uangalifu. Nayo ukimwelekeza mtu utayaweka palepale, baada ya tendo."

Salvina aliyarudia mpaka yakakaa. Kisha akainuka kuondoka, akaketi tena.

"Kuna nini tena?"

"Mwalimu, neno nimelipata. Mdomo ndio hautaki. Nimwambie mgeni, mtu mzima kunizidi, afanye hivi asifanye vile? Mimi nililelewa kwamba mgeni haamrishwi."

Mwalimu Evelyn aliweka kisu chini. "Ukimkaribisha mgeni pombe ya mbege, nani anaonja kwanza?"

"Si mimi mwenyeji? Nikimpa bila kuonja nitakuwa nimemdharau. Atajuaje kama ni salama?"

"Basi na mchi ni hivyo hivyo. Twanga wewe kwanza, useme 'I pound gently.' Halafu mpe mchi, useme 'Please, pound gently.' 'Please' ni tafadhali. Hapo hujamwamrisha mtu. Umemwonjea."

"Yesu na Maria!" Salvina alisema. "Kumbe!"

Siku zilizofuata Thadeus ndiye aliyekuwa mtalii. Alivaa kofia ya mvua, akatwanga kwa fujo makusudi. "Please, pound gently!" Salvina alimfokea. "Fokea mumeo, mgeni usimfokee," Thadeus alisema, na wote wakacheka.

Alhamisi ikafika. Mgeni wa kwanza kwenye kinu alikuwa baba mmoja mkubwa, mikono minene. Salvina alichukua mchi yeye kwanza.

"I pound gently," alisema, akitwanga.

Akampa yule baba mchi. Yule baba akaunyanyua juu kabisa. Salvina akawahi. "Please, pound gently."

Yule baba akaitikia kwa kichwa. Akashusha mchi, akatwanga taratibu. Hakuna chembe iliyoruka. Salvina alifurahi hata akatamani kupiga vigelegele.

Kahawa ikaiva. Bibi mmoja wa Kizungu akataka kusaidia kuimimina, na mumewe akamshikia kikombe. Lo! Bibi akainamisha sufuria kwa haraka, na kahawa inatoa mvuke. Eliakim alikuwa mbali, zizini. Sentensi ya kumimina Salvina hakuwa amefundishwa. Lakini neno 'pour', yaani mimina, alilisikia kila Alhamisi, Eliakim akilisema.

"Please, pour slowly!" alisema kwa sauti.

Bibi alisita. Akaituliza sufuria, akamimina kidogokidogo, mpaka kikombe kikajaa. Mkono wa mumewe haukuguswa hata na tone. Bibi akamshika Salvina bega, akamshukuru.

Eliakim alifika mbio. "Kuna nini, mama? Nimesikia sauti."

"Hakuna kitu. Tunamimina kahawa."

Eliakim alimtazama, kisha akawatazama wageni waliokuwa wakinywa kwa raha. "Mama, ofisini nitawaambia wageni wabaki hapa hapa. Alhamisi nakuja na wengine."

"Waje," alisema Salvina. "Ila wakifika, wewe kaa na Thadeus mnywe kahawa. Wageni wangu nitaongea nao mwenyewe."