Bahari Iliyorudi Kimyakimya

Kila jioni, akishavua sare za shule, Kasiva alichukua mtungi wake wa njano akashuka bondeni kuteka maji. Kwao Mukuyuni, kwa sehemu kubwa ya mwaka, mto si maji. Mto ni mchanga. Mvua ikiisha maji hupungua, huzama na kutoweka, na kinachobaki ni njia pana ya mchanga ambapo watoto hucheza mpira na ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato. Anayetaka maji huchimba shimo, husubiri yajikusanye taratibu, kisha huyachota kwa kata. Katika kazi hiyo Kasiva alikuwa fundi hasa. Alitazama tu mahali mchanga ulipokoza rangi, akasema, "Hapa," na kweli maji yakatoka.

Baba yake, mzee Muindi, alikuwa amemfundisha pia kuuogopa mto huo. Mvua kubwa ikinyesha huko juu vilimani, maji huteremka kwa kishindo hata kama bondeni kwenyewe hakujadondoka tone. Ukiona wingu jeusi juu ya vilima, toka mtoni. Ukisikia mngurumo, toka mbio. Na kama maji yamekwisha kukuzingira, panda palipo juu ukae papo hapo, usijaribu kuvuka. Kasiva aliyajua hayo yote kama jina lake.

Shida ya Kasiva haikuwa ujinga, maana kichwa alikuwa nacho. Shida yake ilikuwa kwamba hakuweza kuvumilia kuonekana hajui. Ukimwambia uji ni wa moto, alikujibu anajua, na hapohapo ukamwona anahema mdomo wazi, ulimi umeungua.

Desemba ilipokaribia, habari zilifika nyumbani zikamtia wazimu wa furaha. Shangazi yake, Anti Ndinda, alikuwa mpishi katika meli inayowazungusha watalii kwenye visiwa vya pwani. Katika safari ya mwisho ya mwaka, wakubwa wa meli walikuwa wamemruhusu kila mfanyakazi aje na watoto wawili wa jamaa yake. Anti alimchagua Kasiva, na Mutisya, binamu yake mdogo wa Kitui, mtoto wa miaka minane aliyemwamini Kasiva kuliko alivyoamini kalenda.

Shuleni Kasiva alijigamba mpaka akachosha watu. Aliwaahidi wenzake wa Gredi ya Sita kwamba akirudi watamwuliza swali lolote kuhusu bahari naye atalijibu. Shiko, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la nguo pale sokoni, alimwuliza atafanya nini akiulizwa asilolijua. Kasiva alicheka tu, akasema swali la namna hiyo halijazaliwa.

Basi Kasiva na Mutisya wakapanda basi pale mjini Salama, wakafika Mombasa, na jioni yake wakaingia melini. Mutisya hakukoma kuuliza. Kwa nini sakafu inayumba? Kasiva akamjibu ni injini. Kwa nini maji ni ya buluu? Kasiva akasema ni sabuni ya meli. Mutisya aliyapokea majibu yote kwa heshima, akayatunza.

Asubuhi walikuta meli imetia nanga mbele ya kisiwa kidogo kilicho mbali na njia za watu. Bandari yake ilikuwa gati moja tu la mawe, banda la forodha lililofungwa kufuli, na maduka machache na kijiji kidogo nyuma ya minazi. Meli haikuweza kusogea karibu, kwa hiyo watu walishushwa kwa mashua za injini. Wapishi walitangulia, kwa sababu watalii wangekula chakula cha mchana ufukweni, na kila sufuria ilipaswa kufika kabla yao.

Anti Ndinda alikuwa na haraka, lakini aliwaita watoto kando akawaonyesha nguzo nyekundu iliyosimikwa mchangani, hatua chache kutoka gatini.

"Msiipite ile nguzo," alisema. "Mkitaka kwenda mbele yake, muulizeni kwanza Athman, yule wa mashua. Mnajua ni kwa nini?"

Kasiva hakujua. "Ndiyo, Anti, najua," alisema.

Anti alikuwa karibu kufungua kinywa amweleze, lakini mpishi mkuu akamwita, naye akaenda.

Watoto walicheza karibu na gati kwa muda. Mbele ya nguzo bahari ilikuwa imejitoa, ikaacha uwanja mkubwa wa mchanga wenye vidimbwi hapa na pale. Mbali kidogo kulikuwa na mwamba mweusi uliosimama peke yake. Kasiva alipoutazama ule mchanga, moyo wake ulitulia kabisa, kwa sababu ulikuwa mchanga wa kwao. Huu ulikuwa mto ulioisha maji. Akaangalia juu: mbingu safi, hakuna wingu hata la dawa. Akasikiliza: hakuna mngurumo. Maji yaliyokwisha kwenda huwa hayarudi mpaka mvua nyingine, na mvua haikuwapo. Athman alikuwa palepale gatini, amewapa mgongo, akishona turubai lake. Kumwuliza kungechukua muda mfupi tu, lakini Kasiva aliona aibu kumwuliza mtu habari za mchanga, yeye aliyezaliwa mchangani.

"Twende," alimwambia Mutisya. "Nitakuonyesha tunavyochimba maji kwetu."

Walipita nguzo, wakavuka mfereji mpana uliokuwa na maji ya kufika vifundoni, wakafika mwambani. Kasiva alitafuta mahali palipokoza rangi, wakaanza kuchimba kwa mikono. Maji yakaja upesi kuliko hata ya nyumbani, naye akajisifu. Lakini hawakuwa na kitu cha kuchotea. Akamwambia Mutisya aendelee kuchimba, asiondoke hapo, naye akarudi mbio gatini kutafuta kikombe.

Alikuwa ndiyo kwanza amepita ile nguzo alipokutana uso kwa uso na Anti Ndinda, amebeba ndoo ya matunda.

"Mutisya yuko wapi?"

 Kusema kweli kulimaanisha kukiri kwamba amepita nguzo, tena bila kuuliza. Akajiambia atamrudisha Mutisya sasa hivi, na hakuna atakayejua.

"Yuko kule nyuma kwenye maduka," alisema. "Anacheza na watoto wa huku."

Anti aliridhika. Kwa vile Kasiva alikuwa mikono mitupu, alimkabidhi ndoo na kumpeleka kwenye meza, kisha akampa sahani za kupanga, kisha vitambaa vya kukunja. Kila Kasiva alipotaka kuchomoka, kazi nyingine ilimwangukia. Hakuweza kukataa bila kueleza sababu. Alipanga sahani huku macho yakienda mwambani. Alimwona Mutisya akiwa ameinama, bado anachimba, mtiifu kama alivyokuwa siku zote.

Kisha aliona kitu ambacho hakukielewa. Vile vidimbwi vilikuwa vimeungana. Uwanja wa mchanga ulikuwa unang'aa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mfereji waliouvuka haukuonekana tena kingo zake. Akaangalia juu, mbingu ilikuwa safi kama mwanzo. Akasikiliza, hakusikia kitu zaidi ya watalii waliokuwa wakiteremka kwenye mashua wakicheka. Maji yalikuwa yanarudi bila wingu, bila kishindo, bila kumwambia mtu.

Kasiva aliacha vitambaa akakimbia. Alipita nguzo, na maji yaliyokuwa ya vifundoni yakamfika magotini. Alipoingia kwenye mfereji yakamfika kiunoni, yakamvuta upande kama mtu anayemshika nguo. Kuogelea hakujua, nani angemfundisha, na kwao maji yenyewe huchotwa kwa kata? Miguu ilimteleza, akanywa funda la chumvi, akajikokota kurudi nyuma akilia. Mutisya alikuwa amesimama sasa. Shimo lake lilikuwa limezama, naye alikuwa ananyoosha mguu mmoja kupima maji, anataka kumfuata.

Hapo maneno ya baba yake yalimjia. Alimpigia kelele kwa Kikamba, kwa nguvu zake zote, asishuke majini, apande juu ya mwamba mpaka mwisho wake na akae. Mutisya alisita. Halafu akageuka, akaanza kupanda kwa mikono na magoti.

Kasiva alikimbilia kwenye meza kumtafuta Anti Ndinda. Hakuwapo. Mpishi mmoja akamwambia Anti ameenda madukani kumwita Mutisya aje kula, na kwamba hajamwona, kwa hiyo amesonga mbele zaidi, kijijini, anauliza nyumba hadi nyumba.

Kasiva alisimama palepale, maji yakimchuruzika. Ulikuwa uongo wake uliomtuma Anti huko. Akimfuata kijijini, muda utakwisha. Akimwambia mtu mwingine, itabidi aseme yote, mbele ya mpishi mkuu na watalii na wafanyakazi wote, na huenda Anti akafukuzwa kazi kwa ajili yake. Alitazama mwambani. Mwamba ulikuwa umebaki nusu.

Akamwendea Athman, akamshika mkono.

"Binamu yangu yuko kwenye ule mwamba," alisema. "Nilimpeleka mimi. Sikukuuliza, na Anti nimemdanganya. Mtoto hajui kuogelea."

 Athman alitupa turubai, akarukia mashuani, akampigia kelele mwenzake alete mti wa kusukumia. Mawe ya chini yalikuwa mengi na injini isingepita, kwa hiyo waliisukuma mashua kwa ule mti, taratibu, wakizunguka. Kasiva alitamani kuisukuma kwa macho. Mpishi mkuu alikuwa amekuja na kusimama nyuma yake, na watu walikuwa wameacha kucheka. Maji yalifika miguuni mwa Mutisya. Yalifika kwenye magoti yake. Mtoto alikuwa ameukumbatia mwamba, uso ameugeuzia ufukweni, hajaondoa macho kwa Kasiva hata mara moja.

Athman alimfikia maji yakiwa kifuani. Alimnyanyua kwa mkono mmoja akamlaza mashuani.

Anti Ndinda alirudi kutoka kijijini akikimbia, viatu mkononi, akawakuta wakishuka gatini. Alimshika Mutisya, akampapasa kichwa, mikono, tumbo, kana kwamba anahesabu viungo vyake. Kisha aliketi chini mchangani, akalia kwa sauti. Kasiva alikuwa hajawahi kumwona mtu mzima analia vile, na aliona afadhali angepigwa.

Athman aliwaeleza kwamba baharini maji hutoka na kurudi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Na siku ile ilikuwa ya bamvua, ambapo maji yakitoka hutoka mbali, na yakirudi hurudi mbio. Hata watoto wa kisiwani hawapiti ile nguzo bila kuuliza. Aliyasema bila ukali, akarudi kwenye turubai lake.

Mpishi mkuu naye alisema yake. Anti hangefukuzwa, lakini hangeruhusiwa tena kuleta jamaa melini. Anti aliitikia tu, "Sawa, mkubwa."

Mashua iliwarudisha melini. Jioni Anti alimkuta Kasiva ameketi peke yake karibu na mlango wa jiko, akaketi kando yake, akamwambia asimwogope.

"Kupita nguzo ni kosa la mtoto," alisema. "Ningekugombeza yakaisha. Hata mimi nina langu, nilikuacha bila kuhakikisha umeelewa. Lakini nilipokuuliza Mutisya yuko wapi, ukanituma madukani. Unajua nilikimbia kiasi gani, Kasiva? Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, na kila hatua ilikuwa inanipeleka mbali na yeye. Uongo unafanya hivyo. Unamwondoa mtu pale anapohitajika."

Kasiva alilia mpaka kwikwi zikamshika. Alisema amekosa, na kwamba ni kwa sababu yake Mutisya hatapanda meli tena.

"Nimekusikia," alisema Anti. "Na nimesikia pia kwamba ulimwambia apande juu akae. Kile ulichokijua kweli kilimsaidia. Kilichotaka kumwua ni kile ulichojifanya kukijua. Siku nyingine ukiwa hujui kitu, sema hujui. Mtu atakwambia, na hakuna kitakachokupungukia."

Januari shule zilipofunguliwa, Mwalimu Kanyi alimwita Kasiva mbele ya darasa asimulie safari yake. Wenzake walijiweka tayari kwa majigambo. Kasiva aliwasimulia yote, kuanzia nguzo nyekundu hadi Mutisya juu ya mwamba, bila kuficha ule uongo. Alipofika mahali pa madukani aliyarudia maneno yaleyale aliyomwambia Anti. 

Alipomaliza, Shiko aliinua mkono. Hakuwa anamcheka. Alitaka tu kujua ni kitu gani kinachoyafanya maji ya bahari yaende na kurudi, kama si mvua.

Kasiva alifikiri. Alihisi jibu la kubuni likimjia ulimini, tayari kabisa, kama zamani.

"Sijui," alisema. "Nilisahau kumwuliza Athman. Mwalimu, wewe unajua?"

Mwalimu Kanyi alitabasamu, akachukua chaki, akachora mwezi ubaoni.